Muulize Fundi: Skrini Ina Picha Lakini Haina Mwanga

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Arua. Kioo cha laptopu yangu kilipasuka, nikaipeleka kwa fundi akanibadilishia skrini. Tangu siku hiyo mashine inawaka na nikiiunganisha na televisheni picha inatoka vizuri, lakini skrini yake yenyewe ni giza. Nikiimulika tochi kwa ubavu, naona maandishi yamefifia. Fundi anasema skrini mpya nayo ni mbovu, kwa hiyo ninunue nyingine, la sivyo aunge waya juu ya fyuzi iliyo kwenye ubao mkuu ili tuone kama itawaka. Nikubali lipi?

JIBU: Ndugu msomaji wa Arua, kwa sasa usikubali hata moja.

Tochi yako imekwisha kujibu nusu ya swali. Kioo cha LCD hakitoi mwanga chenyewe. Kazi yake ni kupitisha au kuzuia mwanga wa taa ndogo za LED ambazo kwa kawaida hupangwa kwenye ukingo wake wa chini. Ikiwa maandishi yanaonekana, basi data inafika, na umeme wa volti 3.3 unaokiendesha kioo pia unafika. Kinachokosekana ni mwanga tu, na mwanga huo unategemea mambo matatu yanayotoka kwenye ubao: umeme wa kuwashia taa, ishara ya kuruhusu taa ziwake, na ishara ya kurekebisha ukali wa mwanga. Katika skrini nyingi za siku hizi zenye soketi ya pini 30, umeme huo hupita katika pini ya 26 hadi ya 29, ruhusa katika pini ya 22, na ukali katika pini ya 23.

Mimi ninaishuku fyuzi, kwa sababu tatizo lilianza siku ileile skrini ilipobadilishwa. Katika laptopu nyingi umeme wa taa hutoka kwenye njia kuu ya betri na chaja, ukapitia fyuzi moja ndogo, na huwepo hata mashine ikiwa imezimwa. Mafundi wengi huizima laptopu wakadhani wako salama, kumbe betri ingali imeunganishwa. Kebo ikiingia upande kidogo, pini ya umeme hugusa ya jirani na fyuzi hukatika papo hapo, bila moshi wala harufu.

Mwombe achomoe chaja na betri, kisha aitafute fyuzi hiyo karibu na soketi ya kebo ya skrini. Ni kipande chenye urefu wa milimita 2 au 3 hivi, na mara nyingi kando yake huandikwa herufi F au PF pamoja na namba. Fyuzi nzima huonyesha karibu omu 0 kwenye multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme. Ikiwa imekatika, asiharakishe kuweka nyingine, bali apime kwanza ukinzani (kiasi cha kuuzuia umeme usipite) kati ya upande wake unaoelekea skrini na ethi, yaani upande hasi wa ubao, kebo ikiwa imechomekwa, halafu ikiwa imechomolewa. Ukinzani ukikaribia omu 0, kuna shoti, yaani umeme unakimbilia ethi kwa njia ya mkato. Shoti ikitoweka baada ya kuchomoa, ubovu uko kwenye kebo au kwenye skrini. Ikibaki, uko kwenye ubao wenyewe, na kapasita (vipande vidogo vya kuhifadhi chaji) zilizo jirani na soketi ndizo za kupimwa kwanza. Isipokuwepo shoti popote, fyuzi mpya ya ampea zilezile inatosha.

Ndiyo maana ninaukataa ule waya. Ikiwa shoti ingalipo, waya hautakatika, na nguvu yote ya betri itaishia kwenye kebo au kwenye njia nyembamba za ubao, ambazo kuzitengeneza ni ghali kuliko fyuzi mara nyingi.

Fyuzi ikiwa nzima na umeme uko pande zake zote mbili, apime ishara mbili zilizobaki wakati mashine inawaka, lakini asichokoe pini za soketi kwa ncha nene ya multimita, maana hapo ndipo shoti mpya huzaliwa. Ruhusa kwa kawaida huwa karibu volti 3.3. Isipokuwepo, kitambuzi cha kifuniko kinaweza kuwa kinaamini kwamba laptopu imefungwa. Sumaku ya kasha la simu iliyowekwa karibu nayo inatosha kukidanganya. Ishara ya ukali inapaswa kubadilika kila unapobonyeza vitufe vya kuongeza na kupunguza mwanga.

Maelezo haya hayahusu MacBook nyingi, ambazo saketi yake ya kupandisha volti za taa iko kwenye ubao mkuu, si kwenye skrini. Hiyo mpelekee aliyeizoea.

Mambo yote matatu yakionekana kuwa sawa kwenye ubao, na kebo nayo ikapimwa ikawa nzima, hapo fundi atakuwa na haki ya kuilaumu skrini. Hata hivyo, mwambie aijaribu kwanza kwenye laptopu nyingine inayotumia skrini ya aina hiyohiyo, betri ikiwa imechomolewa wakati wa kuunganisha, kabla hujatoa shilingi nyingine.