Jibu: Wabeba kuni wa Entoto wanaacha darasa la kufuma

Salaam dada. Umesema akina mama wanaobeba kuni Entoto, pale juu ya Addis Ababa, wanaanza vizuri darasa la kufuma shali, halafu wiki ya pili wanarudi msituni. Nasi yalitukuta hayohayo.

Kwanza kabisa waulize kuhusu ikubu, yaani upatu wao. Mama anayedaiwa mchango wa wiki hawezi kushinda darasani bila kuuza mzigo. Sisi tulidhani hawajali. Siku moja mmoja akanionyesha alama ya kamba begani, nyeusi, ngumu kama soli, akasema, "Nisipobeba leo, leo hatuli." Iliniuma sana. Tukahamishia darasa mchana, wakishauza, na kila shali iliyokamilika tukailipa siku ileile. Wengi walibaki.

Angalia na kalenda yao ya Kiethiopia: kila mwezi tarehe 12 ni sikukuu ya Malaika Mikaeli, 21 ya Bikira Mariamu, katika Kanisa la Orthodoksi. Waumini wengi hawashiki kazi nzito siku hizo, kwa hiyo usiwahesabu watoro.

Hujasema watoto wadogo wanaachwa na nani. Hilo ndilo ningeliuliza la pili.