Kabla namba haijatoka: kuilinda ofisi ya takwimu dhidi ya mikono ya wanasiasa

Ni nadra waziri kupiga simu na kusema, "Shusheni mfumuko wa bei." Simu inayopigwa huwa ya heshima tele: "Mkurugenzi, hivi ripoti hii haiwezi kusubiri Bunge liahirishwe?" Ofisi isiyo na utaratibu ulioandikwa itasubiri, na mwezi unaofuata itaombwa tena.

Kwa hiyo anza na kalenda ya utoaji. Itangazwe kwa mwaka mzima, ikitaja siku na saa ya kila toleo. Ukiandika "wiki ya pili ya mwezi" umeacha siku kadhaa za kubembelezana. Tarehe isogezwe kwa sababu ya kitaalamu tu, na sababu hiyo itangazwe kabla ya siku yenyewe kufika.

Vita kubwa zaidi iko kwenye swali la nani aione namba kabla ya wananchi. Jibu bora ni: nje ya ofisi, hakuna. Uingereza, ambako mawaziri walizoea kupewa takwimu saa 24 kabla, ofisi ya taifa ya takwimu ilifuta utaratibu huo kwa matoleo yake kuanzia Julai 2017. Kama sheria ya nchi yako bado inalazimisha, orodha iwe ya watu kwa majina na vyeo (ukiandika "wizara" tu, wizara nzima itaona), ichapishwe, na muda uhesabiwe kwa saa. Wapewe jedwali lililokwisha kufungwa. Anayepewa rasimu hurudi na "maoni", na hapo ndipo namba huanza kulegea. Kila simu na kila barua pepe inayohusu toleo hilo iandikwe kwenye daftari lenye tarehe na jina. Daftari hili huwaudhi wakubwa, nayo ndiyo faida yake.

Njia ya kimyakimya ni kugusa mbinu: bidhaa iliyopanda bei inatolewa kwenye kapu (orodha ya bidhaa zinazopimiwa mfumuko wa bei), au mwaka wa kizio, yaani ule ambao bei za sasa hulinganishwa nao, unabadilishwa ghafla. Argentina, mtaalamu aliyesimamia fahirisi ya bei (kipimo cha mfumuko) aliondolewa mwaka 2007. Februari 2013 Shirika la Fedha la Kimataifa likaikaripia nchi hiyo rasmi kwa sababu ya ubora wa takwimu zake. Tangaza mabadiliko ya mbinu kabla matokeo hayajajulikana, kisha endelea kutoa mfululizo wa zamani sambamba na mpya kwa angalau miezi 12, ili kila mtu apime tofauti mwenyewe.

Marekebisho nayo yawe na ratiba. Makadirio ya kwanza ya ajira hutoka kabla waajiri wote hawajarudisha dodoso, kwa hiyo namba kubadilika baadaye ni kawaida. Hata hivyo, Agosti 2025 mkuu wa ofisi ya takwimu za kazi Marekani alifukuzwa siku ileile ilipotoka ripoti iliyopunguza ajira za Mei na Juni kwa 258,000. Chapisha wastani wa marekebisho ya miaka iliyopita kando ya kila makadirio. Msomaji asipojua ukubwa wa kawaida, ni rahisi kumwambia kuna njama.

Kwenye sheria, mkuu wa ofisi awe na kipindi kisichofuata uchaguzi, na sababu za kumwondoa zitajwe moja moja. Tena iandikwe bayana kwamba mbinu, maudhui na wakati wa kutoa takwimu ni uamuzi wake peke yake. Ugiriki, Andreas Georgiou, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya takwimu, alihukumiwa mwaka 2017 kwa kutuma takwimu za nakisi ya bajeti kwa Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, bila kuzipitisha kwenye bodi ya ofisi yake, ingawa Eurostat yenyewe ilizikubali takwimu hizo. Bodi isimamie fedha na mipango. Isipigie namba kura.

Mwisho, usiombe sheria ya kuwaziba mdomo wengine. Tanzania iliweka mwaka 2018 kifungu cha kuadhibu uchapishaji wa takwimu zinazopinga zile rasmi, ikakilegeza mwaka 2019. Watafiti wa nje wakipata namba tofauti, wape data ghafi zilizoondolewa majina, waeleze mlivyokokotoa, na tofauti itajadiliwa mezani.