Vidonge vya Flavonoidi na Mishipa ya Baba

SWALI: Assalam aleikum, Daktari. Baba yangu ana miaka 68, na hutumia dawa ya presha pamoja na simvastatini ya kupunguza lehemu. Jirani amemwuzia vidonge vya flavonoidi, akimwambia kwamba vinasafisha mishipa na kwamba dawa za hospitali anaweza kuziacha. Je, ni kweli?
Msomaji, Kisauni, Mombasa

JIBU: Wa aleikum salaam. Tafadhali mwambie mzee asiache dawa zake hata siku moja, kwa sababu presha hupanda bila dalili yoyote na kiharusi hakitoi taarifa.

Flavonoidi ni kemikali za asili zinazotengenezwa na mimea, nazo zimo katika vitunguu, machungwa, zambarau, chai na kakao. Zile za kakao, ziitwazo flavanoli, huusaidia utando wa ndani wa mshipa kutoa naitriki oksaidi, gesi inayolegeza misuli ya ukuta wake hata mshipa ukatanuka. Ndiyo maana mwaka 2012 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikubali kwamba miligramu 200 za flavanoli hizo kwa siku huhifadhi uwezo huo wa mshipa kutanuka. Lakini kutanuka kwa mshipa hakuyaondoi mafuta yaliyokwisha kuganda ukutani mwake, na hapo ndipo jirani alipopotosha. Katika jaribio kubwa la COSMOS la Marekani, lililotangazwa mwaka 2022 na kuwashirikisha wazee zaidi ya 21,000, waliopewa miligramu 500 za flavanoli kila siku kwa takriban miaka 3.6 walipungukiwa na vifo vya maradhi ya moyo, ila jumla ya matukio ya moyo na kiharusi, ambayo ndiyo yaliyokuwa kipimo kikuu, haikupungua kwa kiasi cha kuthibitika. Nao hawakuambiwa waache dawa zao.

Vidonge vyenyewe navyo vichunguzwe. Dondoo la majani ya chai ya kijani, likitumiwa kwa kipimo kikubwa, limewahi kuhusishwa na madhara ya ini, kwa hiyo mzee aende na chupa hiyo kwa mfamasia au daktari wake, asomewe kilichomo. Balungi aliepuke kabisa, kwani huzidisha simvastatini mwilini na kuweza kudhuru misuli.

Vitunguu na machungwa ya soko la Kongowea ale kwa raha, mradi yasitiwe chumvi na pilipili kama tulivyozoea kwa maembe mabichi, kwa kuwa chumvi hiyo humpandishia presha.