Bei ya ndege imepanda Dunga

Nafundisha uandishi wa habari katika chuo kikuu kimoja cha kibinafsi hapa Kisumu. Muhula mmoja mwanafunzi aliniletea habari kwamba bei ya ndege imepanda katika ufuo wa Dunga. Nikamuuliza: ndege gani, kanga au Boeing? Kumbe alimrekodi mama muuza samaki, kisha akaiachia programu ya akili mnemba inakili sauti. Mama alisema ngege, yaani samaki aina ya tilapia kwa Dholuo. Mashine haijawahi kula ngege, ikaandika ndege. Naye kijana, aliyelelewa kwa ngege na ugali, akapitisha bila kusoma.

Kabla ya hapo mimi nilikuwa askari tu. Nilipiga marufuku ChatGPT, nikatafuta programu ya kunusa maandishi ya mashine. Ikamtaja binti mmoja. Akaja na daftari lake limejaa mistari iliyokatwakatwa na namba za simu za aliowahoji. Nilimwomba radhi mbele ya darasa, na programu ile sijaigusa tena. Hata OpenAI, wenye ChatGPT, waliiondoa yao ya aina hiyo Julai 2023 kwa kuwa haikuaminika.

Mhadhiri mwenzangu, usingoje mtaala mpya. Huo una safari ndefu ya senati na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Zoezi la darasani unalibadilisha Jumatatu. Mimi sasa nadai sauti yenyewe, nakala ya mashine, na masahihisho ya mwanafunzi kwa wino mwekundu. Nusu ya alama iko kwenye huo wekundu. Mahojiano yakichanganya Kiswahili, Dholuo na Sheng, karatasi huvuja damu.

Jambo moja wanafunzi wanalolisahau sana ni idhini ya anayerekodiwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na sauti ya mtu ni data yake binafsi. Waulize kwanza. Kuna mchuuzi wa soko la Kibuye aliyejibu, “Sauti yangu iende wapi tena? Andika kwa mkono.” Mwanafunzi akaandika kwa mkono, na habari ikawa nzuri kuliko za wenzake.

Bando ni shida, basi kazi hii tunaifanyia maabara.

Yule wa ndege sasa ndiye mhariri wa darasa. Juzi alimkamata mwenzake: wakazi wa Obunga, mtaa wa hapa Kisumu, walikuwa wamegeuzwa wakazi wa Bunge.