Unataka kampuni na wataalamu waje mkoani kwako? Anza na waliopo

Nimefanya kazi ya kutafuta wawekezaji kwa miaka kadhaa, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni tupunguze kodi kiasi gani ili kampuni zije. Naelewa kwa nini watu wanaanzia hapo, maana punguzo la kodi kiongozi anaweza kulitangaza kesho asubuhi na likapigiwa makofi. Ila kwenye vikao vingi nilivyokaa habari ya kodi huwa inakuja mwishoni kabisa, tena mhasibu wao alishaipigia hesabu kabla hawajapanda ndege.

Kuna mgeni mmoja wa kiwanda tulimwandalia slaidi, ramani, kila kitu, hata hatujafika katikati akainua mkono akauliza, mashine yangu ikiharibika Ijumaa jioni nani anakuja kuitengeneza? Kimya. Aliyemjibu alikuwa meneja wa kiwanda cha jirani ambaye tulimwalika kwa heshima tu. Akaeleza mafundi wake anawapata wapi, akasema wanaotoka chuoni wana bidii ila michoro ya umeme ya mashine mpya hawaijui, inabidi awafundishe mwenyewe miezi kadhaa ndo waive. Mgeni akageuza kiti chake akaongea na huyo meneja mpaka muda ukaisha, slaidi zetu zikabaki ukutani zinawaka tu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, kabla hujatuma mtu kwenye maonyesho nje ya nchi, zungukia kampuni zilizopo tayari hapo kwako. Waulize nini kimewakwamisha mwaka huu. Utakuta mmoja anataka kuongeza jengo na kibali kimelala kwenye meza ya mtu, mwingine anahangaika na umeme unaokatika, mwingine hapati mtu wa kuchomelea vyuma anayejua kazi. Ukiyatatua hayo unapata ajira mpya bila kumbembeleza mgeni yeyote, na mgeni akija hao ndo atakaowapigia simu usiku kuwauliza ukweli kuhusu nyie (atawapigia tu, usijidanganye).

Penang kule Malaysia walifungua eneo huru la viwanda (lenye nafuu ya kodi na ushuru) mwaka 1972, Intel, watengenezaji wa chipu za kompyuta, na wenzake wakaja, lakini kitu mi nakipenda zaidi ni kwamba mwaka 1989 viwanda vyenyewe vikakaa pamoja na serikali ya jimbo wakaanzisha kituo cha mafunzo, wenye viwanda ndo wanasema mafundi wafundishwe nini. Watu pia wanapenda kuitaja Ireland na kodi yake ya kampuni ya asilimia 12.5, wanasahau kwamba elimu ya sekondari ilifanywa bure mwaka 1967 na baada ya hapo vyuo vya ufundi vikafunguliwa kwenye mikoa yao. Kodi ni rahisi kuiga, chuo kinataka miaka.

Halafu hii tabia ya kusubiri kampuni moja kubwa ije ituokoe. Mwaka 2017 Amazon, kampuni ya Marekani ya kuuza vitu mtandaoni, ilitangaza inatafuta makao makuu ya pili, miji na majimbo yakatuma maombi 238, na mwisho wa siku ikachagua New York na eneo la karibu na Washington, yaani sehemu ambazo wataalamu walishajaa tayari, na New York yenyewe ikaachwa mwaka 2019 baada ya upinzani. Mwaka huohuo wa 2017 Foxconn, kampuni ya Taiwan ya kutengeneza vifaa vya elektroniki, iliahidi ajira 13,000 jimbo la Wisconsin, Marekani, ilipofika 2021 mkataba ukaandikwa upya kwa ajira 1,454. Angalau misamaha ya kodi ya jimbo ilitegemea ajira zilizopatikana kweli, walioumia zaidi ni serikali ya mtaa iliyotangulia kununua ardhi na kuvuta maji. Hapo pasome mara mbili kama wewe ndo unayesaini, toa pesa kwa kazi iliyoonekana, siyo kwa kazi iliyoahidiwa.

Sasa wataalamu. Tulsa, Marekani, kuanzia 2018 wanampa mtu anayefanya kazi kwa mtandao dola 10,000 ahamie na akae mwaka mmoja, na wengi wanaiga hiyo pesa bila kuangalia kwamba wenzao wanampa pia sehemu ya kufanyia kazi na watu wa kufahamiana nao. Pesa inamleta mtu. Kumbakiza ni habari nyingine, na mara nyingi inaamuliwa na mtu ambaye hata hamkumfanyia usaili, mke au mume wake. Namkumbuka injinia tuliyemhangaikia sana, mkewe mfamasia, usajili wake wa kazi ukawa unazungushwa ofisi hadi ofisi, kila wiki anaambiwa fomu fulani imepungua, mwisho wakafunga mizigo wote wawili. Ingetosha kuwepo mtu mmoja mwenye simu na mamlaka ya kufuatilia mambo ya familia, shule ya watoto, nyumba ya mwezi wa kwanza, leseni ya mwenza. Mshahara wa mtu huyo unaweza kuwa mdogo kuliko bei ya bango moja barabarani.

Jambo jingine ambalo mtaalamu hasemi kwenye usaili ila analiwaza ni hili, kazi hii ikiisha hapa naenda wapi? Kama kuna mwajiri mmoja tu wa fani yake hawezi kununua kiwanja. Bora kampuni sita za wastani zinazofanana kuliko jitu moja.

Na wale waliozaliwa hapo wakaondoka, watafuteni. Wanaijua hali ya hewa, wana wazazi wanaozeeka, hawahitaji kushawishiwa na picha. Wanachotaka ni kujua nafasi gani ipo, inalipa ngapi, na nani atawajibu. Barua pepe ya mtu kama huyo isilale zaidi ya siku mbili.