Maswali ya Wasomaji: Mfungwa Aliyeandika Habari za Mfalme Arthur

SWALI: Mhariri, salamu nyingi. Binti yangu ameniuliza ni nani aliyetunga hadithi za Mfalme Arthur na mashujaa wake wa Meza ya Duara. Nilipomtajia Thomas Malory, rafiki yangu ambaye ni mwalimu alinicheka, akasema huyo alikuwa mwizi wa mifugo na mvunja abasia, yaani nyumba ya watawa. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, mtu wa namna hiyo aliwezaje kuandika juu ya heshima? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza tumwondolee binti yako utata mmoja. Malory hakuzitunga hadithi hizo. Alizikusanya na kuzisimulia upya kwa Kiingereza cha nathari. Karne tatu kabla yake, Geoffrey wa Monmouth alikwisha kumwandika Arthur kwa Kilatini, na Chrétien de Troyes, mshairi wa Ufaransa, alikwisha kusimulia mapenzi ya Lancelot, shujaa wa Arthur, na malkia, mke wa Arthur. Malory mwenyewe hupenda kusema kwamba jambo fulani ni “kama kitabu cha Kifaransa kisemavyo”, na mara nyingine husema hivyo mahali ambapo kitabu cha Kifaransa hakisemi lolote la aina hiyo.

Sasa nimgeukie mwalimu. Hakuzua, ila ameisoma hati ya mashtaka kana kwamba ni hukumu. Wataalamu wengi wanamtambua mwandishi huyu kuwa ni Sir Thomas Malory wa Newbold Revel, katika jimbo la Warwickshire, Uingereza, mwenye ardhi aliyekuwa mbunge mwaka 1445. Mwaka 1451 alishtakiwa kwa msururu wa makosa: kumvizia Duke wa Buckingham msituni akiwa na watu wenye silaha, kutoza watu fedha kwa vitisho, kumbaka mke wa mtu, na kuswaga ng'ombe saba, ndama wawili na kondoo 335 wasiokuwa wake. Alipokamatwa na kuwekwa katika jumba la Coleshill, alitoroka usiku kwa kuogelea handaki la maji lililolizunguka jumba hilo, na haukupita muda akadaiwa kuvunja milango ya abasia ya Coombe na kupora mali ya watawa. Aliyakana yote. Baraza la wazee wa mahakama lililopaswa kumsikiliza halikukutana kamwe, naye akahamishwa kutoka gereza moja la London hadi jingine kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1450.

Ikumbukwe kwamba huo ulikuwa wakati ambapo koo za York na Lancaster zilikuwa zinaelekea kwenye vita vya kugombea kiti cha enzi, na kwamba miongoni mwa waliokaa kuyapokea mashtaka hayo alikuwamo Buckingham huyohuyo aliyedaiwa kuviziwa. Kwa hiyo mtu ana haki ya kushuku. Hata hivyo, sioni sababu ya kulipuuza shtaka la ubakaji kwa kuwa tu tunakipenda kitabu.

Swali lako la pili ndilo gumu, na jibu langu ni kwamba kitabu chenyewe kinajua jinsi heshima inavyovunjika. Malory aliwawekea mashujaa wake kiapo cha kila mwaka siku ya Pentekoste: wasiue kwa dhuluma, wamhurumie aombaye huruma, wawasaidie wanawake. Kisha anatuonyesha kiapo hicho kikiliwa kidogo kidogo na mapenzi, wivu na kisasi. Tazama mwisho wake. Arthur amelala na jeraha la mauti, anamtuma Bedivere aliyebaki naye akautupe upanga Excalibur majini. Bedivere anautazama mpini uliojaa vito, anaona uchungu, anauficha chini ya mti. Akiulizwa ameona nini, anasema hakuona kitu ila mawimbi na upepo. Anatumwa tena, anadanganya tena. Mara ya tatu ndipo anautupa, na mkono unatokeza majini, unaudaka, unautikisa mara tatu na kuzama nao. Shujaa wa mwisho mwaminifu, na bado amemdanganya mara mbili mfalme anayekata roho! Aliyeandika hivyo hakuwa akiuza ndoto za utotoni. Sisi tumezoea Liyongo, shujaa aliyetungia nyimbo kifungoni. Kwa Malory, mfungwa ni mwandishi, naye anaomba wasomaji wamwombee Mungu amkomboe, na akifa, waiombee roho yake. Alikimaliza kitabu kati ya 1469 na 1470, akafariki Machi 1471.

SWALI: Kwa nini kitabu hicho cha Malory, kilichoandikwa kwa Kiingereza, kina jina la Kifaransa, tena linalotaja kifo tu? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Lawama, kama ipo, ni ya William Caxton, aliyekichapa Westminster tarehe 31 Julai 1485 kwa jina la Le Morte Darthur, yaani Kifo cha Arthur, ingawa mwishoni alikiri kwamba kinaeleza pia kuzaliwa kwa mfalme, maisha yake na matendo yake. Ni Caxton pia aliyekigawa katika vitabu 21 na sura 507.

SWALI: Je, maandishi ya awali yapo bado? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Nakala ya mkono wa Malory haipo, lakini mwaka 1934 mwalimu Walter Oakeshott, akitafuta majalada ya kale katika shule ya Winchester, alifungua kasha la chuma akakuta mswada wa karne ya 15, majina ya mashujaa yakiwa yameandikwa kwa wino mwekundu. Baadaye ilionekana kwamba baadhi ya kurasa zake zina alama hafifu za herufi zilizogeuka kinyume, za wino wa matbaa ya Caxton, kwa maana karatasi zenye wino mbichi zililazwa juu yake. Mswada huo sasa uko Maktaba ya Uingereza, London. Nakala mbili tu za chapa ya 1485 zimesalia: iliyo kamili iko Maktaba ya Morgan, New York, na nyingine, yenye kurasa zilizopotea, iko Manchester.