MASWALI YENU: Eti bakteria analishwa amino asidi ya kutengenezwa?

SWALI: Mambo vipi wahariri, mi nipo fomu 6 PCB. Tumefundishwa amino asidi, yaani matofali ya kujengea protini, ni 20 basi, sasa juzi braza wangu wa chuo ananiambia kuna bakteria wanawekewa amino asidi ambazo hazipo kwa kiumbe chochote na wanajengea protini. Nimembishia mpaka tumenuniana. Nani yuko sahihi? Na wakitoroka maabara je?

JIBU: Kamnunulie braza soda, mdogo wangu. Hata hiyo 20 imerahisishwa, wewe mwenyewe mwilini una selenosisteini, ni ya 21 (kwenye mtihani andika 20 usitutie matatani).

Sasa cheki mchezo wenyewe. Kodoni (maneno ya herufi tatu tatu kwenye maagizo ya jeni) zipo 64, 61 zinaita amino asidi, 3 zilizobaki ni "mwisho wa gari, shukeni". Kwa E. koli (bakteria wa utumbo anayetumika sana maabara) ile ya UAG, mojawapo ya hizo 3, haitumiki sana ndo maana wakaivamia hiyo. Mwaka 2001 timu ya mwanakemia Peter Schultz kule California ikachukua tRNA (molekuli inayobeba amino asidi) na kimeng'enya kinachoipakia mzigo, vyote vya kijidudu cha baharini kwenye matundu ya maji moto, wakaviingiza kwenye E. koli, na kile kimeng'enya wakakichonga kipakie tairosini (moja ya zile 20) iliyobandikwa methili, kikundi kidogo cha kemikali. tRNA ni kuli tu, na ribosomu, mashine inayounga protini, haikagui mzigo, inaangalia kuli kama anaoana na kodoni basi inapokea, kwa hiyo pale UAG badala ya watu kushuka gari likaendelea.

Ila kulikuwa na kero, kuna protini ya bakteria mwenyewe kazi yake kukata mnyororo kwenye UAG, ikimuwahi kuli unaambulia vipande. 2013 timu za wanasayansi George Church na Farren Isaacs wakabadilisha UAG zote 321 za E. koli kuwa UAA (nayo ni ya "mwisho wa gari"), halafu huyo mkataji wakamfuta kabisa. Hapo raha, unachagua sehemu moja tu ya protini unaweka amino asidi yenye ndoano ya kuning'inizia dawa au rangi ya kung'aa.

Kuhusu kutoroka, 2015 timu hizohizo zilichonga protini ambazo bakteria hawezi kuishi bila hizo, zikawa hazikamiliki bila amino asidi ya maabara. Akidondokea kwenye mtaro wa maji machafu anakuta chakula tele, ila hiyo moja hakuna, anakufa.